Tofali la Yannick

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Falone alikwenda kuteka maji. Alikuwa na miaka kumi na miwili, tena mwepesi wa miguu. Alirudi na bidoni la manjano kichwani, akipita kando ya ukuta wa majina.

Ukuta huo haukuwa mrefu. Ulimfika kifuani tu. Wakazi wa Mudzipela, mjini Bunia, waliujenga katikati ya vita vya Ituri, bunduki ziliponyamaza kidogo. Fundi Athanase alifyatua matofali, na kila aliyefiwa akaandika jina la mtu wake kwa msumari kabla udongo haujakauka. Kisha matofali yakachomwa. Majina ya pande zote mbili zilizopigana yalikaa pamoja, na jambo hilo liliwaudhi watu fulani kupita kiasi.

Asubuhi moja Falone aliukuta ukuta uko chini. Watu wenye nyundo walikuwa wameuvunja alfajiri, wakakimbia. Matofali yalikuwa yametapakaa hadi barabarani. Falone alipita katikati ya vipande, bidoni lake likiwa bado tupu. Halafu, jamani, akili ya mtoto ikamwendea jikoni! Figa moja la mama yake lilikuwa limepasuka, na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliinama kila siku. Ukuta umeshavunjika, akajiambia, tofali moja litamdhuru nani? Akaokota moja zima, akalifunika kwa kitenge, akaondoka nalo mbio.

"Hii umetoa wapi?" aliuliza mama yake, Hortense.

"Nimeokota mu njia, mama."

Mama alikuwa anawahi sokoni. Hakuuliza zaidi. Aliliweka tofali mahali pa figa, akabandika sufuria.

Darasani, Adeline, aliyekaa dawati moja na Falone, hakutoa hata daftari. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Papa Athanase amekusanya matofali yote," alisema. "Hata yenye kuvunjika, ameunganisha vipande. Inakosa moja tu. Ya Yannick."

Yannick alikuwa mdogo wake. Aliuawa akiwa na miaka mitano, siku familia yao ilipokimbia vita.

"Hatukumuzika," Adeline aliendelea. "Foto yake hatuna. Ile tofali njo kaburi yake, Falone. Niliandika jina kwa mukono yangu."

Falone alitamani ardhi immeze. Saa sita alikimbia nyumbani, akaipua sufuria kwenye moto uliokwisha kuzimika, akaligeuza tofali. YANNICK. Herufi ya mwisho ilikuwa imepinda, na upande mmoja ulikuwa tayari mweusi kwa moshi.

Barabarani vijana walikuwa wakiapa kwamba atakayekutwa na tofali hilo ni mmoja wa wale wenye nyundo, na atakiona cha moto. Falone alilibeba hadi kwenye choo cha shimo. Kulitupa mara moja tu, na hakuna ambaye angejua! Alisimama pale mlangoni. Lakini macho mekundu ya Adeline hayakumtoka moyoni. Mama aliporudi, alimkuta bado analikumbatia tofali, naye Falone akamweleza yote.

Mama aliweka kikapu chini. Kisha akakaza kitenge chake. "Twende. Nitakusindikiza, lakini kusema, utasema weye mwenyewe."

Ukutani watu walikuwa wengi. Walipoliona tofali, kijana mmoja alifoka, "Njo huyu! Anajua wale waliovunja!"

Fundi Athanase aliinua mwiko wake wa ujenzi. "Muache mutoto aseme."

Falone alisema, sauti ikikatikakatika. Alisema habari ya figa, ya uongo aliomwambia mama, hata ya choo. Adeline alilipokea tofali, akalifuta kwa sketi ya shule. Weusi haukutoka.

"Ulipikia juu ya mudogo wangu," alisema.

"Unisamehe, Adeline." Falone alilia kwa kwikwi.

"Nitafyatua ingine mupya," fundi alisema kwa upole.

"Hapana, papa. Hii njo ya mukono yangu." Adeline alimtazama rafiki yake. Kisha akasema, "Falone, leta udongo."

Wakalijenga wawili, jina likitazama njia.

Fundi Athanase alimshika Falone begani. "Wenye nyundo walitaka jina ya Yannick ipotee," alisema. "Walishindwa. Lakini kama ungeificha, weye ungewamalizia kazi. Uoga wako ungefanya kile nyundo zao zilishindwa kufanya. Sema ukweli hata kama unatetemeka, mutoto wangu. Leo umesema, na jina imerudi."

Kisha akachagua katika rundo lake tofali lisilo na jina, akampa. "Hii njo figa. Siku ingine, uombe."

Falone alilibeba hadi nyumbani mchana kweupe, bila kulifunika.