Ukuta wa Bombani

Usigeuze uso. Ulipita pale bombani shuleni, wote mlipita, na ule ukuta ulikuwa umeinama mchana kweupe. Ulikinga maji yako ukaenda zako. Aliyesimama akautazama alikuwa mmoja tu, msichana wa darasa la sita mliyembandika jina la Kimya kwa sababu hakuwa na wa kuzungumza naye.

Kimya aliishi na mjomba wake, fundi uashi. Kila asubuhi mjomba alitoka mapema, akimwachia chai kwenye chupa. Kimya aliinywa peke yake, akafagia chumba, akakwangua saruji iliyoganda kwenye karai na mwiko, kisha akashika njia ya shule. Darasani benchi lake lilikuwa na nafasi ya watatu. Alilikalia mwenyewe.

Siku moja mwalimu wa historia aligawa majengo mashuhuri ya dunia, kila mwanafunzi asome habari za jengo lake aje kuwaeleza wenzake. Piramidi za Misri ziligombaniwa. Taj Mahal ya India vilevile. Mnara wa Pisa kule Italia, ule ulioinama, haukutakiwa na mtu.

"Mwalimu, huo umelewa!" akapaza sauti mvulana waliyemwita Redio. "Mpe Kimya, watanyamaziana!"

Darasa likaangua kicheko. Kimya akapewa.

Alisoma wakati wa mapumziko, wenzake wakicheza. Akajua kwamba mnara ule ulianza kuinama ungali unajengwa, walipofika ghorofa ya tatu, kwa kuwa udongo ulikuwa laini na msingi haukwenda chini vya kutosha. Vita vikasimamisha kazi karibu miaka mia, na kule kusimama ndiko kulikouokoa, maana udongo ulipata muda wa kushikana. Baadaye watu waliupanda tu, wakicheka na kupiga picha. Mwaka 1989 mnara mwingine wa nchi hiyohiyo, katika mji wa Pavia, ulianguka ukaua watu wanne. Ndipo wakubwa wa Pisa wakashtuka, wakaufunga wa kwao, na mafundi wakachota udongo chini ya upande ulioinuka mpaka mnara ukanyooka kidogo. Unaona? Mpaka wafe watu wa mji mwingine! Mimi mambo kama hayo siyasahau, na wewe usiyasahau.

Kimya akainua macho, akatazama nje ya dirisha. Pale bombani watoto wa darasa la kwanza walikuwa wameegemea ukuta, wakingoja zamu ya maji.

Kesho yake alibeba timazi ya mjomba, ule uzi wenye chuma kizito unaomwonyesha fundi kama ukuta umesimama wima. Akapanda juu ya ndoo, akaushikiza uzi kileleni mwa ukuta. Chini, kile chuma kikaning'inia mbali na matofali, hata kiganja chake kizima kikapita katikati.

"Ukuta huu utaanguka," akawaambia wenzake.

"Pisa imekupanda kichwani," Redio akamcheka. "Halafu si mjomba wako aliyeujenga? Haya, kamshitaki!"

Kimya akaukunja uzi wa timazi. Kweli, mjomba ndiye aliyeujenga, likizo iliyopita. Yeye hakuwa na mama wala baba. Mjomba akimfukuza, angelala kwa nani? Neno hilo alitembea nalo siku nzima, na hakutokea hata mmoja wa kumuuliza ana nini.

Jioni, mjomba alipoketi kula, alilitoa.

"Mjomba, ule ukuta wa shule umeinama. Nimeupima."

"Nani kakutuma kunipimia kazi?"

"Hakuna."

"Kumbe nimekulea uje kunivua nguo mbele za watu!"

"Hapana, mjomba. Watoto wanauegemea."

Mjomba akasukuma sahani. Akatoka, akaketi kizingitini akimpa mgongo. Kimya alimaliza chakula huku machozi yanamtiririka, na nyumba nzima haikuwa na sauti ila ya kijiko chake.

Asubuhi alimkuta mjomba bado yupo, amekwisha kuvaa viatu.

"Twende," alisema bila kumtazama. "Nilijua udongo ule ni laini. Msingi nikauchimba juujuu, nimalize kabla ya mvua."

Maneno hayohayo aliyarudia mbele ya mwalimu mkuu, wanafunzi wakisikia. Watoto wakaondolewa, kamba ikazungushwa. Mjomba na mafundi wenzake walipousukuma ukuta kwa gogo, hawakuhitaji kurudia. Ulilala wote upande wa bombani, vumbi likapanda hadi juu ya mabati.

Mjomba akamgeukia Kimya, uso umejaa vumbi. "Kazi mbovu ni yangu, na nitaijenga upya. Lakini tungenyamaza, mwanangu, kosa lingekuwa letu sote wawili. Ukiona hatari, sema. Sema hata kama mwenye kosa ndiye anayekulisha."

Siku ile hakuna mwanafunzi aliyemwambia Kimya ahsante. Alirudi nyumbani peke yake, kwa njia ileile.

Sasa ni wewe. Funga kitabu, toka nje. Tazama ukuta wa darasa lako, ngazi unazopanda, choo wanachoingia wadogo zako. Ukiona kimeinama au kinatikisika, waondoe watoto, umwite mwalimu. Akikwambia kesho, mwite mwingine. Wakikucheka, rudia kwa sauti kubwa zaidi. Inuka!