Kanga Tatu na Shuka Moja

Kila asubuhi, jua likishachomoza vizuri, Josepha alianika michembe. Alitandaza mkeka juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, kisha akapanga vipande vya viazi kimoja kimoja, visigusane. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikutaka haraka. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa tisa, na haraka ilikuwa imemwisha.

Asubuhi hiyo alikuwa hajafika nusu ya mkeka alipomwona mumewe, Emilian, akitoka ndani na kopo la moshi la kurinia asali.

"Unalitoa la nini mapema hivi?" Josepha akauliza. "Si ulisema mnaingia porini mwezi ujao?"

"Wenzangu wamebadilisha. Asali imeshaiva. Tunaondoka Jumatatu."

"Mtakaa siku ngapi?"

"Wiki nne. Labda tano."

Kipande cha kiazi kikabaki mkononi mwa Josepha. Huko kwenye mizinga simu haishiki. Mtu akiingia, habari zake ni mpaka atoke.

"Na mimi?" akauliza.

"Mama yupo," Emilian akajibu kwa upole. "Si ndiye aliyempokea binti yetu? Utakuwa na wasiwasi gani?"

Josepha akainama, akaendelea kupanga viazi. Safari hii viligusana.

Mama yake Emilian aliitwa Apolinaria. Kijijini hapo, ng'ambo ya Kipalapala nje ya mji wa Tabora, alikuwa amepokea watoto kwa miaka thelathini. Mikono yake ilikuwa mitulivu, na Josepha aliipenda. Mtoto wake wa kwanza, Raymundi, alizaliwa katika zahanati moja ya mbali. Huko muuguzi alimfokea, akamwacha peke yake kitandani, na mama mkwe akafungiwa nje. Josepha aliapa kutorudi mahali kama pale. Ndiyo maana mtoto wa pili alimzalia nyumbani, mikononi mwa Apolinaria.

Lakini uzazi ule aliukumbuka nusu tu. Alikumbuka kilio cha mtoto. Alikumbuka mkono wa mama mkwe juu ya paji la uso. Baada ya hapo, hakukumbuka kitu. Alipofumbua macho, jua lilikuwa utosini.

"Ulilala," Apolinaria alimwambia.

Miezi miwili baadaye Josepha alikuwa bado akisimama anaona giza. Na kanga zake tatu alizotandikiwa siku ile hakuziona tena.

Ijumaa akaenda kliniki, kwenye zahanati ya kijiji. Muuguzi wa hapo, nesi Mwamvita, alikuwa mwenyeji wa Mtendeni, Tabora mjini. Alikuwa amehamia kijijini tangu mwaka uliopita.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Mama Raymundi. Kaa. Leo tunaulizana vizuri, siku zimekaribia." Akafungua kadi. "Uzazi uliopita ulitoka damu nyingi?"

"Hapana. Nililala tu."

Mwamvita akaweka kalamu chini. "Ulilala vipi?"

Josepha akamweleza. Alipofika kwenye kanga, sauti yake ikapungua.

"Zilikwenda wapi?" Mwamvita akauliza.

"Sijui. Sijawahi kuuliza."

"Miaka mitatu hujauliza?"

"Ni mama mkwe wangu, nesi."

Mwamvita hakucheka. Akakunja ngumi, akaiweka juu ya meza.

"Mtoto akishatoka," akasema, "mfuko wa uzazi unatakiwa ukaze hivi. Ukilegea, damu inamwagika. Inaweza kummaliza mama kabla uji haujaiva. Na mwanamke aliyetokwa na damu nyingi mara moja, inaweza kumrudia. Hapa ninayo sindano ya kukaza mfuko. Damu ya kuongeza sina. Hospitali ya Kitete, mjini, wanayo."

"Kule wanafoka," Josepha akasema.

"Nani alikufokea?"

Josepha akasimulia habari za zahanati ile ya mbali. Mwamvita alisikiliza mpaka mwisho.

"Lile lilikuwa kosa letu, si lako," akasema. "Sasa sikiliza. Unaweza kuomba mtu wako akae nawe chumbani. Wakati wa uchungu, kama hakuna shida, unaweza kutembea na kunywa maji. Unaweza kulala ubavu au kuchuchumaa, vile mwili unavyotaka. Ukipewa sindano, uliza ni ya nini. Mtu akikufokea, mwambie mkuu wa wodi."

"Mimi, nesi? Mimi nimwambie?"

Mwamvita akamtazama, akatabasamu. "Basi atamwambia huyo atakayekusindikiza."

Josepha akarudi nyumbani polepole. Alimkuta mama mkwe akimenya karanga. Akakaa chini, akachukua karanga chache, akamenya mbili.

"Mama, zile kanga zangu tatu."

Mikono ya Apolinaria ikasimama. Kisha ikaendelea, kwa kasi zaidi.

"Kanga gani?"

"Za siku niliyomzaa binti. Nesi ameuliza kama nilitoka damu."

"Nesi huyo wa Mtendeni? Ana watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Haya. Mimi nimepokea zaidi ya mia. Ulilala, mke wa Emilian. Siku hizi kulala nako ni ugonjwa?"

Siku iliyofuata, Mwamvita akaja mwenyewe. Emilian alikuwa uani akisuka kamba za mizinga, Josepha kando yake. Mwamvita akamwamkia Apolinaria, akapewa kigoda, akakaa.

"Mama," akasema, "sikuja kukunyang'anya kazi. Nimekuja kuuliza, kwa sababu siku ile uliyekuwepo ni wewe tu."

"Nimeshajibu," Apolinaria akasema. Akainuka kwenda kufukuza kuku kwenye michembe. Kuku wenyewe walikuwa mbali, chini ya ghala.

Emilian akajikuna shingo. "Nesi, haya ni mambo ya wanawake. Mama akisema, sisi tunafuata."

"Sawa, Baba Raymundi. Sasa niambie. Mkeo akishikwa na uchungu, damu ikaanza kumtoka, wewe uko porini. Usafiri ataita nani? Watoto watabaki na nani? Nani atakubali apelekwe mjini?"

Emilian akaiweka kamba chini.

"Maneno haya yasemwe leo, mkiwa mmekaa," Mwamvita akaendelea. "Damu haimsubiri mtu atoke porini. Na wewe, Mama Raymundi, unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Josepha swali hilo. Akatazama mikono yake.

"Nataka kujifungulia Kitete," akasema kwa sauti ndogo. "Na sitaki kuwa peke yangu. Ninaogopa."

Emilian akalitazama kopo la moshi lililokuwa mlangoni. Kisha akalirudisha ndani.

Jumatatu rafiki yake Anselm alipopita kumchukua, alimkuta akimwosha binti yake uso.

"Umekuwa yaya siku hizi?" Anselm akasema.

"Yaya mwenye mizinga arobaini. Nenda, kaniangalizie yangu, na usiniibie."

Wakapanga Josepha aende mapema akae kwa wifi yake, Recheli, anayeishi mtaa wa Kitete, mjini. Kutoka kwake hadi hospitali ni mwendo wa kuvuka barabara mbili tu. Emilian angebaki na watoto, simu ikiwa na chaji. Apolinaria alisikia mipango yote, akasema neno moja tu.

"Mimi siendi. Nimeshapita umri wa kufundishwa kazi yangu."

Siku ya safari, bajaji ikaja mlangoni. Josepha alipotoka na mfuko wake wa nguo za mtoto, alimkuta Apolinaria ameshaketi ndani, furushi mapajani.

"Recheli hajui kupika uji," Apolinaria akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Siku ya kumi na moja, wakati wa chai ya asubuhi, uchungu ukaanza. Wakatembea hadi hospitali, wakisimama kila ulipobana. Mkunga wa zamu, msichana mwenye miwani, akawapokea na kuchukua fomu.

"Uzazi uliopita, mama, ulitoka damu nyingi?"

Apolinaria alikuwa amesimama nyuma ya Josepha.

"Sijui," Josepha akasema. "Sikumbuki."

Kalamu ya mkunga ikasubiri.

"Andika," Apolinaria akasema, macho yake sakafuni. "Kanga tatu na shuka moja."

"Zililowa?"

"Ungeweza kuzikamua."

"Na mama alizimia?"

"Andika ndiyo."

Josepha akageuka kumtazama, lakini uchungu ukamkamata.

Mkunga hakumlaumu mtu. "Asante sana, bibi. Umetusaidia," akasema, na papo hapo mambo yakaanza kwenda haraka. Wakamwekea Josepha mpira wa dripu mkononi. Wakapima damu yake, wakatenga chupa ya damu inayomfaa. Mkunga wa pili akaitwa. Josepha akauliza kila kitu ni cha nini, kwa sauti ndogo, na kila mara akajibiwa.

Alitembea ukumbini akiegemea bega la Apolinaria. Mchana akajifungua, amelala ubavu. Alikuwa mtoto wa kiume, na kilio chake kilijaza chumba. Josepha akachomwa sindano pajani, ile ya kukaza mfuko. Kondo la nyuma likatoka. Kisha Josepha akasikia kitu cha moto kikitiririka chini yake.

"Inakuja," Apolinaria akasema. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Inakuja kama siku ile."

"Tumeiona, bibi." Mkunga mmoja akasugua tumbo la Josepha kwa nguvu. Mwingine akatia dawa kwenye dripu. Josepha akauma kanga, akahesabu vigae vya dari ili asilale. Alifika kumi na tisa.

"Bibi, lete mkono," mkunga akasema. Akaushika mkono wa Apolinaria, akauweka juu ya tumbo. "Unasikia? Mfuko umekaza kama ngumi. Damu imekata."

Apolinaria akauacha mkono pale pale.

Jioni Josepha alikuwa wodini, mtoto akinyonya. Emilian alipiga simu mara tatu, na mara zote aliuliza kwanza habari za mke wake. Apolinaria alikaa pembeni ya kitanda, bakuli la uji mkononi. Uji ulikuwa umepoa.

"Mama," Josepha akasema taratibu, "leo sikulala."

Apolinaria akaweka bakuli chini. Akamtazama usoni.

"Hata siku ile hukulala. Kanga nilizizika nyuma ya zizi, Emilian asizione. Nilisema umelala kwa sababu nilitaka iwe kweli. Wenye uchungu wakija tena kuniita kijijini, nitawaleta huku mwenyewe, na njiani nitawaambia sababu." Akaushika mguu wa Josepha juu ya shuka. "Ulikuwa unakufa mikononi mwangu, mwanangu. Na mimi niliogopa, sikujua la kufanya."