Sahani ya Arobaini

Sahani ya arobaini ilirudi jikoni ikiwa tupu, na hapo ndipo mpishi alipoacha kuimba.

Wazee wa makazi yale walikuwa wamebaki thelathini na tisa tangu mmoja wao afe wiki iliyopita. Mpishi alilijua hilo, lakini yeye hupakua kwa kufuata karatasi inayotoka ofisini, na karatasi ilisema arobaini. Jumatatu alidhani ni makosa tu. Akaiweka sahani ya ziada kwenye meza ya dirishani, pasipo na mtu, akijua itarudi kama ilivyokwenda. Ilirudi imefutwa kwa mkate hadi inang'aa. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano aliinusa, kisha akaenda nayo ofisini.

"Bi Kompyuta," alimwambia karani, maana ndivyo wote walivyomwita, "hebu nusa."

Karani akanusa. Ilikuwa harufu ya mafuta ya mashine, yale mepesi ya kulainishia saa.

"Atakuwa Babu Pacha huyo," karani alisema haraka.

Babu Pacha alikuwa akilala chumba kimoja na marehemu. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kuona sahani moja akaridhika. Kila sahani aliitafutia pacha wake.

"Babu Pacha hali kitu tangu mwenzake afe," mpishi alinong'ona. "Leo nimembembeleza kwa kijiko kama mtoto mchanga. Hii sahani anayekula mimi simjui, na sitaki kumjua."

Mpishi aliondoka. Afadhali niwaambie mapema, kwa sababu karani mwenyewe hakuwa na ujasiri huo: aliijua harufu ile ni ya nani, na alihisi kwa nini karatasi inasema arobaini. Siku za mwizi zinahesabika, na yeye alikuwa ameshaanza kuhesabu zake.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila mlo, matroni hupita mezani na daftari akiweka alama ya vema mbele ya jina la kila mzee. Mara nyingi huitwa katikati, huyu anataka msalani, yule kamwaga chai, na nafasi kadhaa hubaki wazi. Karani huziingiza alama zile kwenye jedwali la kompyuta, na kwa kila nafasi iliyobaki wazi ilimpasa ainuke, amfuate mzee huyo popote alipo, amwone kwa macho yake, ndipo aandike "yupo". Kazi hiyo waliiita kuhakiki. Hatua tisini kwenda na tisini kurudi, mara tatu kwa siku, na magoti yake hayakuwa ya jana.

Kisha akajifunza kutumia akili mnemba, ile programu unayoiandikia kama unavyomwandikia mtu ujumbe, nayo ikakujibu. Ilimtungia fomula, ikamchorea chati, ikamkagulia majumla. Mwenyekiti wa bodi alimsifu mbele ya watu. Ukisifiwa sana ukiwa umekaa, kuinuka kunakuwa kazi.

Jumanne ya wiki iliyopita, mlo wa mchana, nafasi wazi zilikuwa sita. Karani aliandika: "Safu ya kwanza ni majina ya wazee, zinazofuata ni milo. Nipe fomula itakayoandika 'yupo' kila penye nafasi wazi."

Msaidizi huyo wa kompyuta alimpa fomula, ila akaongeza: "Nafasi wazi ina maana gani hapa? Mtu alikuwepo na hakuandikwa, au hakuonekana? Kama huna hakika, ni salama zaidi kuandika 'hajahakikiwa'. Ukijaza 'yupo' kote, jedwali halitaweza tena kukuonyesha aliyekosekana."

Karani akajibu: "Wako wote. Nataka 'yupo'."

Akaiburuta fomula hadi chini ya jedwali, nafasi sita zikajaa kwa mkupuo. Na fomula ikabaki pale, ikijaza kila mlo uliofuata.

Watano kati ya wale sita walikuwepo kweli. Wa sita alikuwa Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa mzee mwembamba aliyetengeneza saa za watu kwa miaka hamsini. Mara nyingi aliomba chakula kipelekwe chumbani ili asiache saa aliyoifungua, kwa hiyo matroni hakushtuka kutomwona mezani, na sahani za chumbani zilirudi tupu kwa hisani ya Babu Pacha, ambaye hakumwambia mtu kwamba kitanda cha pili kiko kitupu, asije akanyimwa sahani ya pili. Kumbe mzee alikuwa ameingia stoo ya zamani ya kufulia, nyuma ya ukuta wa ofisi ya karani, kutafuta kipande cha waya. Upepo ukaubamiza mlango, komeo la nje likaanguka. Alipatikana Ijumaa asubuhi. Daktari alisema amekata roho alfajiri ile ile.

Jedwali lilisema amekula milo yote hadi chakula cha jioni cha Alhamisi. Basi kila mtu akaona kwamba alitoka usiku wa Alhamisi, katika zamu ya mlinzi, ambaye kazi yake ni kukaa mlangoni pa vyumba na kumrudisha mzee yeyote anayetangatanga. Mlinzi huyo, ambaye wazee walimwita Afande ingawa hajawahi kuvaa hata mkanda wa jeshi, aliapa kwamba hakuna aliyempita usiku ule. Nani angemsadiki, na jedwali lipo? Alisimamishwa kazi. Alhamisi hii, saa nane mchana, bodi ingekaa kumjadili, na baada ya bodi ni polisi. Afande ana watoto wanne, na karani anawajua kwa sura wote wanne. Hata hivyo alinyamaza.

Mpishi alipoondoka siku ile ya Jumatano, karani alifungua jedwali. Mstari wa Fundi Saa alikuwa ameufuta mwenyewe siku ya mazishi, na fomula pia. Mstari ulikuwepo tena. Asubuhi: yupo. Mchana: yupo. Akaufuta, akahesabu, thelathini na tisa. Akaenda kunywa maji. Aliporudi walikuwa arobaini.

Akamwandikia msaidizi, vidole vikikosea herufi: "Kagua faili hili. Ni fomula gani inayorudisha mstari wa 17?"

Jibu likaja: "Hakuna fomula katika mstari wa 17. Neno 'yupo' limeingizwa moja kwa moja, kama mtu aliyeliandika kwa mkono. Je, kuna mwingine anayetumia faili hili?"

Hakukuwa na mwingine. Karani aliutoa mkono juu ya kibao cha herufi akaona ncha za vidole zinateleza, akazinusa, yale mafuta, na kabla hajapata kitambaa cha kujifutia akasikia ukuta wa nyuma ukigongwa, ngo, ngo, ngo, taratibu, kwa vipimo vilivyolingana kama mshale wa saa, akajiambia ni mlango wa stoo unapigwa na upepo, kisha akakumbuka kwamba mlango ule uling'olewa pamoja na bawaba zake siku ya mazishi kwa amri ya mwenyekiti, na stoo sasa ni uwazi mtupu ambamo kuku wangeweza kupita, na bado uligongwa, ngo, ngo, ngo, na kila ulipogongwa neno moja lilijiandika katika mstari wa 17, mlo wa jioni ambao haujapikwa, mlo wa kesho, mlo wa kesho kutwa, yupo, yupo, yupo, mpaka safu zikatoka nje ya kioo.

Alizima mashine kwa kuchomoa waya.

Kesho yake mpishi alileta mganga bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani ya kusomea na mfuko wa nailoni. Alifika wakati wa chakula cha mchana, wazee wote wamekaa, matroni na daftari lake, mwenyekiti wa bodi amewahi mapema kwa ajili ya kikao, na Afande amesimama karibu na mlango ndani ya suti yake ya pekee, ile ya harusi yake. Mganga hakutawanya chochote wala hakuimba. Aliitazama ile meza ya dirishani, ambako sahani ilikuwa ikifuka mvuke mbele ya kiti kitupu, akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee wenu amekwenda zake, msimsingizie. Huyu ni jini."

"Sasa anatafuta nini kwetu?" matroni alinong'ona.

"Hakutafuta. Ameandaliwa. Jini haingii penye mtu. Huingia penye jina lisilo na mtu. Nani aliyesema yupo, naye hayupo?"

Kijiko kilichokuwa kando ya ile sahani kikasogea kidogo, kikagusa ukingo wake. Babu Pacha akaanza kulia bila sauti.

"Aliyesema ndiye atakayemtoa," mganga akaendelea. "Aseme hapa hapa, mbele ya wanaokula. Na aseme yote. Akibakiza kipande, jini atakaa katika hicho kipande."

Karani alimtazama Afande. Suti ilikuwa imembana mabegani, na alikuwa ameshika bahasha yenye barua za kumsifu alizokusanya kwa majirani, kana kwamba barua za majirani zingeshinda jedwali. Hapo karani alisimama. Magoti yalimuuma, na kwa mara ya kwanza alifurahi kwamba yanamuuma.

"Ni mimi," alisema. "Fundi Saa hakuwepo tangu Jumanne ile mchana. Matroni aliacha nafasi wazi, na mimi sikwenda kumtazama. Niliiambia mashine iandike yupo. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikaiambia ndiyo. Afande hana kosa. Usiku wa Alhamisi hakuna aliyempita, kwa sababu mzee alikuwa ameshafungiwa siku mbili nzima." Kisha akageukia meza ya dirishani. "Fundi Saa hayupo. Mimi ndiye niliyesema yupo."

Kijiko kikatulia.

"Umemaliza?" mganga aliuliza.

"Nimemaliza."

Mganga alimtazama juu ya miwani. "Yote?"

"Yote."

"Haya." Akachukua mfuko wake.

Walikaa wakiiangalia ile sahani. Mvuke ulipungua, supu ikapoa, mafuta yakaganda juu yake kama chakula chochote kisicho na mlaji. Mpishi akashusha pumzi. Mwenyekiti alisema kikao hakipo tena, na kwamba karani akusanye vitu vyake na asubiri barua. Hilo alilitarajia. Asilolitarajia ni Afande kumfuata uani, bahasha mkononi, macho mekundu. Karani alidhani atapigwa, na angeshukuru.

"Ahsante, dada," Afande alisema. "Mwingine asingesema. Mungu akulipe."

Njia nzima ya kwenda nyumbani shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. Kwa sababu hakusema yote.

Jumanne ile, saa tisa alasiri, aliusikia ukuta ukigongwa. Ngo, ngo, ngo. Matroni aliyekuwa amepitia ofisini aliuliza, "Nini hicho?" na yeye, akili yake iko kwenye chati, akajibu, "Ni mabomba tu." Jumatano uligongwa asubuhi nzima, na mara moja, mara moja tu, alidhani amesikia na sauti. Akavaa vipokea sauti masikioni akaongeza muziki. Alhamisi ugongaji ulikuwa wa mara chache na dhaifu, na yeye alifurahi kwamba hatimaye anaweza kufanya kazi kwa utulivu. Hilo la kufurahi ndilo lililomshinda kutamka. Uzembe watu wanausamehe, alijiambia. Hili ni langu na Mungu wangu.

Alimkuta mama yake ameshaandaa meza. Wawili hao waliishi peke yao, chumba na sebule, jiko nje. Jua lilikuwa bado halijazama. Alimweleza mama kwamba kazi imekwisha, na mama, mtu asiye na maneno mengi, akamshika bega akamwambia riziki haina mlango mmoja, kaa ule.

Walikula. Mama alisimulia habari za jirani na mbuzi wake aliyekula nguo kambani, na karani akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza kwa siku tisa.

Ngo, ngo, ngo.

Mama aliacha kutafuna. "Nini hicho?"

Ilitoka ukutani, nyuma ya kiti cha karani, taratibu, vipimo vimelingana. Harufu nyepesi ya mafuta ilipita juu ya chakula. Nafasi ilikuwapo ya kusema, kama ilivyokuwapo mchana ule. Ilitosha amtazame mama yake usoni na kumwambia, niliusikia, mama, nikaongeza muziki. Kinywa kilifunguka, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"Ni mabomba tu, mama."

Mama yake aliweka kijiko chini.

"Mabomba gani, mwanangu?" alisema polepole. "Nyumba hii haina bomba. Maji si tunachota uani kwa ndoo?"

Ukuta uligongwa tena, sasa kwa unyonge, kama mtu anayeishiwa nguvu. Mama aliinuka, akaweka sahani ya tatu mezani, akaanza kupakua.

"Unampakulia nani?" karani alinong'ona.

"Sijui," mama alijibu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Wewe ndiye unayemjua."