Mlango Uliotoka Kasungami

Ninaandika kama rafiki yangu Adolphine alivyonieleza. Mteremko wa Kasungami, mtaa wao, ulipoanza kuporomoka, mji ulitoa pesa za dharura ili watu wahame. Mumewe, Élie, alirudi kung'oa mlango.

"Toka, papa Léa, ukuta iko napasuka," Adolphine alimwita kwa jina la mtoto wao.

"Siwezi kuacha mulango ya baba."

Élie akausukumia mlango nje. Ukuta ukamponda kifua, udongo ukamfunika akipiga kelele. Adolphine aliwasihi wafanyakazi wa mji wamfukue, lakini mashine ya mji ilimwaga changarawe juu yake ili korongo lililofunguka pale lisimeze wengine.

Mlango ule Adolphine aliupachika kwenye nyumba mpya. Mchana mmoja alirudi kutoka sokoni, na kabla hajaingiza ufunguo, mtu akagonga kutoka ndani.

"Fungua, mama Léa. Udongo iko nanifika ku shingo."

Chini ya mlango, udongo mwekundu ulianza kutoka.