Mume Wangu Alisukuma Treni Ili Niachike

Ile video ya wanaume watano wanasukuma behewa pale Wawi mnaikumbuka?

Mliicheka sana. Mkaandika "Wapemba bwana!" mkajaza na vikaragosi vya kucheka.

Yule mwanamke wa baibui aliyesimama pembeni ni mimi.

Na yule wa mbele, kavua shati, jasho linamchuruzika... ni mume wangu. Hakuwa anasukuma ili treni iende popote. Alikuwa anasukuma ili niachike!

Sasa tulieni niwaeleze, maana kila mtu kaisimulia anavyotaka yeye, mwenyewe sijaulizwa.

Naitwa Shadya. Tulijengewa reli kutoka Chake mpaka uwanja wa ndege, na kituo kimoja hapa kwetu Wawi. Kituo kikamalizika, kikapakwa rangi, behewa moja likaletwa kwa meli. Halafu kimya! Kila mwezi tunaambiwa inafunguliwa mwezi ujao. Sisi wanawake tukaona sakafu nzuri ile isikae bure, tukawa tunaanika karafuu zetu.

Mimi nilichaguliwa kukata tiketi. Nikafundishwa, nikafaulu, nikapewa na sare. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu.

Mume wangu Jabir akanuna.

"Ukae dirishani kila mwanamme akuchungulie? Mke wangu mie?"

"N'takata tiketi, Jabir. Wao watachungulia chenji yao."

Wenzake barazani wakawa wanamtania, kila akipita "bwana tiketi huyoo!" Msimu wa karafuu wa mwaka jana ukavuma uvumi kwamba safari hii reli inafunguliwa kweli. Utani ukazidi. Akapandisha mori, akasimama mbele ya watu akasema:

"Siku behewa lile likitoka kituoni, kila mke nilo naye, hata wawe wanne, kaachika talaka tatu!"



Kwetu kuitundika talaka namna hiyo si mchezo. Lile jambo likitokea tu, mke ameachika, na kwa tatu hakuna cha kurejeana.

Nikaishi hivyo, jamani. Nikisikia reli inafunguliwa, naifurahia kazi, papo hapo naililia ndoa. Nilimpenda Jabir, nisiwadanganye. Nilifika mahali namwomba Mungu treni isitembee, mimi niliyetakiwa kuikatia tiketi!

Mama yake, Bi Siti, tunakaa naye na nyumba ni yake. Alimwita mwanawe akamwambia neno moja tu.

"Ukimwacha Shadya, radhi yangu usiitaraji."

Jabir mkorofi, lakini radhi ya mama aliiogopa kweli. Ndiyo maana hakuthubutu kunipa talaka kwa mdomo wake. Mimi nikajua ananipenda. Mjinga mimi!

Basi siku hiyo, baada ya alasiri, nikaenda kituoni kugeuza karafuu.

Nakuta majamvi yangu yametupwa majanini, karafuu zimemwagika chini zinakanyagwa. Wanaume wamejipanga nyuma ya behewa wanasukuma. Rafiki yake mmoja, Soud, kashika simu anarekodi.

"Jabir! Mwafanya nni?"

"Rudi nyumbani."

"Nakuuliza, mwafanya nni?"

"Shemeji, hebu sogea kidogo, waniharibia picha," Soud akasema huku anacheka.

Kuangalia kwenye benchi la abiria, namwona Shehe Khatib wa msikiti wetu. Ameitwa awe shahidi. Pembeni yake kakaa mwanamke nisiyemjua, kajipamba, mkoba mapajani. Bi Siti naye kaletwa, kavimba kwa hasira.

"Mama, n'shuhudilie," Jabir akasema anahema. "Mie simwachi Shadya. Treni ikitoka, hiyo ni kudra."

"Kudra waisukuma kwa mikono miwili?" mama mtu akamjibu.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Wakasukuma. Wapi! Wakahesabu moja mbili tatu, wakasukuma tena. Behewa limegoma.

Mimi nililiona gogo. Mafundi waliliweka chini ya gurudumu la mbele, na nyasi zimeota zimelifunika. Wao wote wako nyuma, hawalioni.

Wallahi ningenyamaza tu, ndoa yangu ingebaki.

Lakini nikamtazama mume wangu. Miaka minane hajawahi kunichotea ndoo ya maji, leo anatoka jasho lile kwa kuniondoa mimi! Yale mapenzi yakanitoka palepale, nikabaki na hasira tupu.

"Soud! Waambie watoe gogo hilo chini ya gurudumu!"

Wote wakageuka. Jabir kanitumbulia macho.

"Shadya..."

"Wataka nisukume na mie? Toeni gogo!"

Wakalitoa. Behewa likalia kreeee, likaanza kwenda, likatoka kituoni, likateremka na ule mteremko mpaka kwenye migomba, ndipo likasimama.

"Limetoka! Limetoka!" Soud akapiga kelele.

"Si mie, mama! Ni treni!" Jabir akarukaruka kama kashinda kombe. Kisha akamgeukia yule mwanamke wa benchini. "Raniya, umeona? Nshamaliza. Kesho wahamia."

"Nani huyu?" nikauliza.

Mwanamke akajibu mwenyewe.

"Mie mkewe. Kanioa Micheweni. Alitwambia weye keshakuacha zamani. Juzi kaka yangu kagundua uongo wake, akamwambia ama akuache kweli, ama aniache mie."

Jamani...

Bi Siti akasimama.

"Kakuoa lini?"

"Mfunguo mosi, mwaka jana, mara baada ya Ramadhani."

Shehe Khatib alikuwa anavuta tasbihi. Akaacha.

"Mfunguo mosi? Kabla ya msimu wa karafuu?"

"Kabla, Shehe. Tena kwa miezi."

Shehe akamgeukia Jabir.

"Jabir, siku ile n'likuwapo barazani. Ulisema kila mke ulo naye. Siku ile ulikuwa nao wawili."



"Shehe... mie n'likusudia huyu tu."

"Ukasema hata wawe wanne. Basi wawili hawa wote wameachika, na kwa tatu."

Raniya akainuka taratibu. Nilidhani atalia. Akamtandika Jabir mkoba wa uso, akamtemea mate miguuni, akaondoka.

Jabir kapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, radhi..."

"N'lisema ukimwacha mmoja sikupi. Umeacha wawili kwa mkupuo. Nenda kairudishe treni yako!"

Soud, rafiki wa kweli yule, alikuwa bado anarekodi.

Sasa hivi mwanamume anazunguka nyumba kwa nyumba, anawabembeleza watu waseme behewa lilitikisika tu, halikutoka. Kila mlango anajibiwa vilevile: "Tumeiona video." Video aliyoagiza mwenyewe, ili nisije nikabisha kwamba nimeachika!

Dada zangu, somo langu ni hili. Mwanamume anayekutishia talaka kila siku, usipoteze umri wako kumchunga asije akaitoa. Huyo keshakuacha, anatafuta tu cha kukisingizia. Mimi nilipoteza mwaka mzima naichunga treni.

Nakaa edda yangu nyumbani kwa Bi Siti. Tunakula vizuri na tunacheka.

Na wewe Jabir, najua unasoma hapa kwa jina la bandia. Nguo zako mama kazipeleka zote kwenye lile behewa migombani. Kalale humo, uisubiri reli ifunguliwe.