Kadi Ambayo Kompyuta Haikuiona

Feni hazikuzunguka. Somoe aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Alikuwa amesimama nyuma ya dadake, sinia ya mahamri na mbaazi mkononi. Dadake, Nabiha, alikuwa ameiwasha kompyuta huku ubavu wake u wazi. Ndani, feni ya zamani ilikuwa ikivuma. Lakini feni mbili za kadi mpya zilikuwa kimya, kama watu waliogombana. Somoe alitaka kusema. Akaiweka sinia mezani, akanyamaza. Ndivyo alivyokuwa. Neno likimfika kooni, hurudi lilikotoka.

Nyumba yao iko Mji wa Kale, Kibokoni. Nabiha hupiga video katika harusi za wanawake. Siku ya kupamba bi harusi, wanawake huvua mabuibui, wakapendeza, wakacheza. Wanaume hawaingii, wala picha zake hawazioni baadaye. Kwa hivyo Nabiha huzipiga mwenyewe, na huzikata na kuziunga mwenyewe nyumbani.

Kompyuta yake ilikuwa ikijikokota. Ndipo aliponunua kadi ya picha. Hicho ni kifaa kinachoisaidia kompyuta kutayarisha picha na video kwa haraka. Aliichomeka, akawasha. Kompyuta iliwaka, lakini kadi haikuiona. Kwenye orodha ya vifaa vyake, jina la kadi halikuwamo.

"Na Salha anasafiri Jumapili," Nabiha alisema, mikono kichwani.

Salha ndiye bi harusi. Alikuwa akimfuata mumewe Maskati. Bibi yake mzaa mama hakuhudhuria kupamba, maana hawezi kutoka kitandani. Salha alikuwa amemwomba Nabiha, "Nataka bibi aione harusi yangu kabla sijaondoka. Nikirudi, sijui kama nitamkuta."

Kaka yao, Athmani, alichukua hamri moja akaanza kutafuna.

"Lete niipeleke Makadara," akasema. "Rafiki yangu Kyalo ni fundi."

"Kyalo ni mwanamume."

"Kwani atawaoa wote hao? Yeye haangalii ila waya."

"Mama yake Salha aliniambia, nakupa amana. Amana haiendi Makadara, Athmani."

"Mwache dada yako!" mama yao alisema kutoka jikoni. "Na ukitoka, niletee nazi mbili."

Nabiha akampigia simu Nasipwondi. Huyu ni dada kutoka bara, anakaa Buxton. Kazi yake ni kutunza kompyuta za chuo kilicho karibu na hapo. Alifika jioni baada ya kazi, na mkoba mdogo wa vifaa.

"Hodi! Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Utakula kwanza ama utatibu kwanza?"

"Nitibu kwanza, mama. Nikila nitalala."

Nasipwondi hakugusa kitu. Aliuliza kwanza kila mmoja ameona nini. Nabiha alieleza. Kisha Nasipwondi akamgeukia Somoe.

"Na wewe, mdogo wangu?"

Somoe alitazama vidole vya miguu yake. "Feni," akasema kwa sauti ndogo. "Za kadi. Hazizunguki."

"Umejua tangu lini?" aliuliza Nabiha.

"Tangu asubuhi."

"Ukaninyamazia!"

"Usimgombeze, ametuonyesha pa kuanzia," alisema Nasipwondi. "Kadi nyingine hupumzisha feni zake kazi ikiwa ndogo. Lakini hizi hazikutikisika hata wakati wa kuwasha. Basi tuanze na umeme. Somoe, njoo. Mimi nitasema, wewe utende."

Somoe alisogea.

"Zima kompyuta. Chomoa plagi ukutani. Sasa bonyeza swichi ya kuwashia uishike kidogo, ili umeme uliobaki uishe. Vizuri. Shika chuma cha sanduku. Mwilini mwetu huwa na umeme mdogo. Sisi hatuusikii, lakini unaweza kuua kadi."

Nasipwondi alimulika kwa tochi. Juu ya kadi palikuwa na tundu la waya, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Kadi hii inakula sana," akasema. "Umeme wa ubao mkuu wa kompyuta hauishibishi. Inataka waya wake kutoka kwenye kisanduku cha umeme. Ule pale, umekunjwa."

"Mimi nilidhani ni waya wa ziada," alisema Nabiha.

Somoe aliuchomeka mpaka ukalia *ta*.

"Hapo basi. Tujaribu kabla ya kufanya jingine," alisema Nasipwondi. "Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo, hutajua lipi lilikuwa na kasoro."

Wakawasha. Feni zikazunguka.

"Alhamdulillahi!" mama akapiga makofi.

Lakini Nabiha alipofungua orodha, kadi bado haikuwamo. Uso ukamshuka.

"Haya, zima, chomoa tena," Nasipwondi alisema bila haraka. "Sasa tuitoe kadi yenyewe."

Somoe alifungua skrubu na kuutoa waya. Akabonyeza kijino cha plastiki kinachoishikilia kadi, akaivuta taratibu. Chini yake kadi ina meno mengi ya rangi ya dhahabu. Nasipwondi aliyamulika. Kisha akayanusa.

"Mbona yananukia nazi?"

Mama alijifunika mdomo kwa kanga.

"Niliyapaka mimi," akasema. "Mafuta kidogo tu! Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula kila kitu. Makufuli napaka, mkasi napaka, cherahani napaka. Nikaona kitu cha dhahabu kimewekwa mezani, nikakihurumia."

"Mama! Ulitaka kuikaanga?" alisema Nabiha.

Wote walicheka, na mama akacheka kuliko wote.

"Mama ana haki ya kuiogopa chumvi," alisema Nasipwondi. "Lakini mafuta huuzuia umeme kupita, tena hukamata vumbi. Kadi isiyotumika huwekwa ndani ya mfuko wake, mahali pakavu."

Alitoa chupa ya spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme. Somoe aliyafuta meno kwa kitambaa laini, bila kuyagusa kwa vidole. Nasipwondi akausafisha mwanya wa kadi kwa brashi ndogo. Walingoja mpaka kila kitu kikakauka, na hapo mama akapata nafasi ya kuwalisha.

Kisha Somoe alirudisha kadi. Akaisukuma sawasawa pande zote mbili mpaka kijino kikajifunga. Akakaza skrubu, akarudisha waya wa umeme.

"Na waya wa skrini uhame," Nasipwondi alisema. "Utoke kwenye ubao, uje kwenye kadi."

Wakawasha. Nabiha alifungua orodha. Jina la kadi lilikuwa pale. Akapiga kigelegele hata majirani wakadhani kuna posa.

"Bado programu yake," alisema Nasipwondi. "Ichukue kwa mtengenezaji wa kadi mwenyewe. Ukiokota kila mahali, utaokota na virusi."

"Na kama isingeonekana?" Somoe aliuliza. Alishtuka kujisikia.

"Tungeijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikionekana huko, kadi ni nzima. Hapo tungeangalia kama kisanduku chenu cha umeme kina nguvu za kutosha. Na siku mkilazimika kwenda dukani, toeni diski yenye picha muiache nyumbani. Fundi atajaribu kwa diski yake." Akamtazama Somoe. "Unauliza vizuri. Unasoma wapi?"

"Huyu shule ilimshinda," Nabiha alimjibia. "Aliacha darasa la sita, mama alipougua."

Somoe alianza kukusanya vikombe.

Jumamosi jioni filamu ilikuwa tayari. Nabiha na Somoe waliipeleka kwa bibi yake Salha. Salha alipanda kitandani, akamwegemeza bibi kifuani, wakaanza kuitazama.

"Nani huyo anayekatika hivyo?" bibi aliuliza.

"Ni mama, bibi."

"Binti yangu! Na magoti yake yale anayolalamikia!" Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akataka arudishiwe tena, na tena. Mkono wa Salha hakuuachia.

Ndugu wawili walirudi nyumbani kwa miguu. Nabiha alikuwa na furaha, akisimulia mpaka harusi zijazo. Somoe alisimama.

"Vipi? Umesahau kitu?"

"Dada," alisema Somoe, "shule haikunishinda. Wewe ulikuwa na mtihani, na mama alihitaji mtu, basi nikabaki mimi. Niliipenda shule. Bado naitaka."