Maswali ya Swafwani

Harufu ya kafuri ilianza saa nane mchana, katika ofisi ya mjini Stafford ambamo hakuna maiti aliyewahi kuoshwa.

Mansour bin Mselem alijua inakotoka: kwenye kompyuta yake.

Programu yao ya kupimia dawa za wagonjwa ilipaswa kufanya kazi katika mashine za kila aina. Kwa hiyo kompaila, chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, kabla ya kuijenga iliuliza kwanza: hapa pana Windows, Linux au Mac? Mistari ya msimbo ya mfumo uliotambuliwa ilibaki. Mingine ilitupwa, kana kwamba haikuandikwa kamwe. Maswali hayo aliyatunga mwenzao wa kazi, Swafwani bin Nassor. Swafwani alipofariki, Mansour alifuta jina lake juu ya faili, akaandika la kwake, akapandishwa cheo.

Mama wa marehemu, Bi Mahfudha wa mtaa wa Gulfton, aliposikia kazi ya mwanawe imeibwa, alisomesha Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi asiyejulikana. Mansour alialikwa kama rafiki. Aliona haya kukataa. Alikaa mkekani, akala halua, na kila dua iliposomwa aliitikia "Amin" pamoja na wenzake wa kazini.

Sasa kompaila iligoma: mfumo hautambuliki.

"Kaka Mansour," alinong'ona Jannat, mwenzake wa meza ya pili, "hiyo si Linux? Jana si iliitambua?"

"Ni Linux."

"Na hayo maji?"

Ndani ya kompyuta maji yalimiminwa, yakatulia, yakamiminwa tena. Mara tatu, kama josho la maiti.

"Rudisha jina la mwenyewe, najua kazi ni ya Swafwani," Jannat alisema. "Wallahi, rudisha! Halbadiri haiulizi jina, inamtafuta mtu. Nawe ukaitikia! Ulidhani ni maulidi?"

"Kesho namwonyesha bosi. Nitamwambia nini?"

Akafuta mstari wa mwisho wa maswali, ule aliouweka Swafwani ili kazi isimame pasipotambulika kitu, akabonyeza, na kompaila ikaenda mbio bila kizuizi, ikitupa kila kitu isichokitambua, na kafuri ikamjaa puani na kooni, na taa zikafifia upande wake tu, na alipomwita Jannat sauti yake haikufika popote, na Jannat akamtazama kama mtu anavyotazama ukuta.

Jannat alivuta kiti cha Mansour, akakikalia. Juu ya faili palisomeka: Swafwani bin Nassor.

"Mungu amrehemu," alisema. "Hivi meza hii ilikuwa ya nani?"

Mansour alikimbilia mlangoni. Kadi yake haikufungua. Akampigia mkewe.

"Haloo? Haloo?" Hadiya aliita, kisha akamgeukia mwanawe. "Hakuna mtu." Akakata.

Maji yalimfika Mansour vifundoni. Mkono wa baridi ukamshika bega, na sauti ya Swafwani, ya pekee iliyomtambua, ikasema sikioni mwake:

"Itikia Amin, Mansour bin Mselem. Safari hii uko peke yako."